Usaili wa Mama wa Tabasamu

Nchi hii haipo. Hata wananchi wake wenyewe, ukiwauliza, watakuambia haipo, na watakuambia kwa sauti ya chini huku wakitazama nyuma. Inaitwa Jamhuri ya Vimulimuli, na haina jambo baya hata moja, kwa kuwa mabaya yote yalipigwa marufuku na bunge katika kikao kimoja, kabla ya chakula cha mchana.

Mabaya yalipokwisha, ikabaki kazi ya kuyasimamia mema. Kazi hiyo ilipewa Wizara ya Nyota na Maadili. Waziri wake, Mheshimiwa Daktari Sungwa, ambaye udaktari alitunukiwa na chuo alichokizindua mwenyewe, akaona jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Alisema wananchi hawasikii wazazi, hawasikii walimu, hawasikii mashehe wala mapadri, wanasikia mastaa. Basi kila staa apewe wema mmoja autunze kwa niaba ya taifa, aitwe Balozi wa wema huo, na apewe gari.

Ndivyo ilivyokuwa. Mchezaji mpira ambaye watoto wake walikuwa wametapakaa kwa bibi zao, katika kila mkoa alikowahi kucheza mechi ya ugenini, akafanywa Balozi wa Malezi ya Baba. Mchekeshaji ambaye mkewe alivaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba akafanywa Balozi wa Ndoa Tulivu. Mwimbaji wa nyimbo za dini, aliyekuwa hapandi jukwaani mpaka chupa iishe, akafanywa Balozi wa Kiasi. Hakuna aliyecheka. Kucheka mbele ya Balozi lilikuwa kosa, isipokuwa Balozi mwenyewe awe yule mchekeshaji, na hapo kutocheka ndiko kulikokuwa kosa.

Na mwanamuziki aliyependwa kuliko wote, binti mwenye sauti tamu na kope ndefu kama ufagio mpya, aliyejiita Tabasamu, akafanywa Balozi wa Mama.

Alistahili. Wimbo wake, "Tumbo Lako Ikulu Yangu", ulipigwa redioni kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari na kila jioni baada yake. Ndani ya wimbo huo Tabasamu aliapa kwamba hatakula kama mama yake hajala, wala hatalala kama mama yake hajalala. Wanaume wazima ambao hawajapeleka hata kilo ya sukari kwa mama zao waliusikiliza wakajifuta macho, wakajiona watoto wema.

*

Mama yake alikuwa anaponda kokoto.

Aliitwa Bi Sikujua, naye aliishi Machimboni, mtaa wa pembezoni mwa mji mkuu, ambako wanawake hukaa juani kutwa nzima wakivunja mawe kwa nyundo ili wajengao maghorofa wapate zege. Kidole chake kimoja cha mkono wa kushoto hakikuwa na ukucha. Nyundo ilikuwa imeuchukua siku alipogeuka kumtazama mtoto wake aliyekuwa analia chini ya kivuli cha gunia. Mtoto huyo ndiye Tabasamu. Wakati ule aliitwa Tabu.

Tabu alihama Machimboni siku alipopata meneja, na hiyo ilikuwa zamani. Mwanzoni alipiga simu. Baadaye simu ikawa inapokelewa na watu wengine, watu wa sauti laini waliosema Dada yuko studio, Dada yuko safarini, Dada anapumzisha koo. Mwishowe namba yenyewe ikawa haipatikani. Bi Sikujua hakulalamika. Alimwambia shoga yake Havijawa, aliyekuwa akiponda naye kokoto tangu ujana wao:

"Ana kazi nyingi yule. Mtu wa watu."

"Watu gani?" Havijawa aliuliza. "Kwani wewe si mtu?"

"Hebu niache, Havijawa."

Wanawake wengine pale machimboni hawakujua. Aliwahi kujaribu kuwaambia kwamba Tabasamu ni mwanawe, wakacheka mpaka mmoja wao akalala chali juu ya mawe. Tangu hapo, wimbo ukipigwa kwenye redio ya muuza uji, Bi Sikujua alinyamaza tu, akaponda kwa kufuata mdundo wake.

Siku moja redio hiyo ikatoa habari kubwa. Siku ya Mama wa Taifa ilikuwa inakaribia, na Mtukufu Rais mwenyewe angemvisha nishani mama mzazi wa Balozi Tabasamu, uwanjani, mbele ya taifa zima.

Havijawa akaweka nyundo chini. "Umesikia?"

Bi Sikujua alikuwa amesikia. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kama wa msichana aliyeletewa posa. Jioni ile alifua gauni lake zuri. Akafagia kuanzia mlangoni mpaka barabarani ili gari lisipate taabu kufika, akaazima kiti cha plastiki kwa jirani kwa ajili ya mgeni. Kesho yake hakwenda machimboni, wala keshokutwa. Alikaa kwenye kile kiti cha mgeni akitazama njia. Gari pekee lililofika lilikuwa la kunyonya vyoo, nalo lilikuwa limepotea.

Kisha redio ikatoa tangazo jingine. Wizara ya Nyota na Maadili iliwakaribisha wanawake wote wa makamo na wazee, wenye afya njema na meno ya mbele, kwenye Usaili wa Mama wa Tabasamu.

Watu wa nchi nyingine wangeshtuka. Watu wa Vimulimuli waliuliza tu kama kutakuwa na chakula. Hata Bi Sikujua hakushtuka, kwa kuwa tangazo alilielewa kwa namna yake.

"Wameshindwa kupajua hapa kwangu," alimwambia Havijawa. "Sasa wanawaita wanawake wote ili wanipate mimi humo ndani. Si akili hiyo?"

"Nenda," alisema Havijawa. "Lakini usivue viatu mlangoni. Mahali kama pale unaweza kuhitaji kukimbia."

*

Foleni ilianzia ndani ya Jumba la Sanaa ikazunguka jengo zima. Kulikuwa na wanawake waliojipaka unga kichwani wapate mvi. Wengine walikuwa wameshika bakora ambazo hawakuzihitaji, na mmoja alikuwa akifanya mazoezi ya kukohoa, akikohoa, akijisikiliza, akirudia. Aliyekuwa mbele ya Bi Sikujua akageuka kumpa ushauri.

"Ukiulizwa unaumwa nini, mwenzangu, sema miguu. Moyo unawatisha wadhamini."

Meza ya wasaili ilikuwa na watu watatu. Wa kwanza alikuwa Ofisa wa Wizara, mwanamke wa suti aliyekuwa na tabia ya kupiga makofi peke yake. Wa pili alitoka kampuni ya sabuni iliyodhamini sherehe. Wa tatu alikuwa Kizito, meneja wa Tabasamu, mwanamume wa viatu vya dhahabu, aliyekuwa akitafuna bazoka. Ni Kizito huyu aliyefika Machimboni kumchukua Tabu, akanywa maji kwenye kikombe cha Bi Sikujua. Alipomwona akiingia, taya lilisimama.

"Jina?" Ofisa aliuliza.

"Sikujua."

"Hukujua nini?"

"Ndilo jina langu, mwanangu."

"Uzoefu?"

"Wa nini?"

"Wa umama, bibi. Tunakwenda na wakati."

"Nimezaa mmoja," alisema Bi Sikujua. "Ndiye huyo mnayemtafutia mama."

Ofisa akapiga makofi. "Mmemwona? Ameingia moja kwa moja kwenye uhusika! Endelea, bibi. Ulimzaaje?"

Bi Sikujua akawaeleza, maana ameulizwa. Alisema uchungu ulimshika machimboni, mvua inanyesha, akapakiwa juu ya lori la kokoto ili apelekwe hospitali. Lori likanasa kwenye matope kabla ya daraja. Basi akajifungua palepale juu ya kokoto, mvua inampiga usoni, na dereva, kijana asiyemjua, akageukia pembeni kwa heshima, akavua shati lake akalipitisha kwa nyuma bila kutazama, ili mtoto apate cha kufunikwa. Ndiyo maana akamwita Tabu. Lakini alipomweka kifuani alicheka, alisema Bi Sikujua, alicheka peke yake kwenye mvua kama mwehu, kwa furaha.

Mtu wa sabuni akapenga kamasi. Ofisa alikuwa anaandika upesi upesi.

"Hebu simama karibu na picha," alisema.

Ukutani kulikuwa na picha ya Tabasamu iliyofika darini. Bi Sikujua akasimama kando yake, wasaili wakainamisha vichwa huku na huku.

"Hawafanani," alisema Ofisa kwa masikitiko.

Ilikuwa kweli. Pua ya Balozi ilikuwa imetengenezwa ng'ambo. Kidevu chake kilifuata baadaye, na ngozi ilikuwa ikififia mwaka hadi mwaka kama nguo ianikwayo juani. Bi Sikujua mwenyewe alipoitazama ile picha aliona wana haki. Yalikuwa yamebaki masikio tu ya Machimboni, nayo yalifunikwa na nywele za mtu mwingine.

"Na mikono ile," alisema mtu wa sabuni. "Jamani, sisi tunauza sabuni ya mikono laini. Tunataka mama maskini, sawa, lakini maskini wa kupendeza."

"Anayefuata," alisema Kizito, bila kuinua uso.

Aliyeshinda alikuwa Bi Leokadia, mwigizaji wa siku nyingi. Alikuwa hajawahi kuzaa, ila ameigiza umama kwenye runinga mpaka watoto wa mitaani walimwamkia mama. Alikuwa na kipaji cha kutoa chozi kwa jicho lolote lililo karibu na kamera.

*

Bi Sikujua alipotoka alikosea mlango, akajikuta kwenye ujia mrefu wenye zulia. Mwisho wa ujia ule akasikia sauti. Sauti hiyo angeitambua hata katikati ya kelele za mashine ya kusaga mawe. Akasukuma mlango.

Tabasamu alikuwa amekaa mbele ya simu iliyozungukwa na taa, akizungumza na mashabiki wake mubashara. "...mama, popote ulipo leo, ujue mwanao anakuwaza," alikuwa akisema. Kisha akamwona mama yake kwenye kioo cha simu. Akaifunika simu kwa kiganja, akainuka, akafunga mlango kwa mgongo.

"Tabu," alisema Bi Sikujua.

"Usiniite hilo jina humu. Umekujaje?"

"Si mmetangaza? Mbona umekonda hivyo? Unakula kweli?"

"Tumetangaza usaili, mama. Usaili ni wa waigizaji."

"Na mimi je?"

Tabasamu akakunja uso, lakini kwa uangalifu, uso wenyewe ulikuwa wa gharama. "Nisikilize, na usichukie. Historia yangu imeshasajiliwa wizarani. Mama yangu ni mkunga mstaafu, ana bustani ya mawaridi. Ukitokea wewe na hivyo vidole, wataanza kuniuliza nilikuwa wapi siku zote. Wataninyang'anya ubalozi. Utaniua, mama. Ndicho unachotaka, kuniua?"

Bi Sikujua akafikiri. Kwa kweli hakutaka kumuua.

"Nitanyamaza," alisema. "Nishani wampe wanayemtaka. Wewe njoo tu nyumbani siku moja, hata kwa kujificha. Nitakupikia kisamvu kama zamani, ule, uondoke."

"Nitaangalia ratiba."

Ile simu ikalia kengele kidogo; mashabiki walikuwa wanasubiri. Tabasamu akakaa tena kwenye taa, akaondoa kiganja, na kabla kiganja hakijafika pajani uso ulikuwa umekwisha kulowa machozi.

"Wapenzi wangu, nisameheni, nilizidiwa na hisia. Kama mama yako yu hai, nakuomba, acha unachofanya, mkimbilie sasa hivi. Mkumbatie. Usimwachie mlinzi mlango, mfungulie mwenyewe. Msiwe kama watoto wengine." Akaibusu simu, akaizima. Machozi yakakoma kama bomba lililofungwa. "Kizito! Nani kamwacha huyu bibi akaingia?"

Bi Sikujua akageuka nyuma kutazama bibi gani. Hapakuwa na mtu mwingine.

Kizito alimtoa kwa kumshika kiwiko, kwa upole mwingi. Mlangoni akampa khanga ya kampeni, yenye uso wa Tabasamu na maneno MAMA KWANZA, pamoja na kadi ya kuingilia uwanjani, sehemu ya kina mama wa kawaida, ambao kazi yao ilikuwa kupiga vigelegele wakionyeshwa kitambaa chekundu.

"Mama yangu, kwa heshima zote," alisema Kizito. "Kama unampenda mwanao, njoo upige vigelegele na wenzako, kisha nenda nyumbani."

Havijawa alikuwa anamsubiri nyumbani kwake, kizingitini. "Vipi huko?"

"Nimeshindwa," alisema Bi Sikujua.

"Umeshindwa nini?"

"Kuwa mama yake Tabu."

Havijawa akaanza kucheka. Kisha akauona uso wa mwenzake, akachota maji ya kunywa akampa.

*

Siku ya Mama wa Taifa uwanja ulifurika. Mtukufu Rais alikuwa amesinzia chini ya mwavuli. Balozi wa Malezi ya Baba alikuja na watoto wa kuazima, na mmoja wao alikuwa akiuliza kwa sauti, "Anko, tunaondoka saa ngapi?" Balozi wa Ndoa Tulivu alimshika mkewe kiuno kama askari aliyemshika mtuhumiwa. Balozi wa Kiasi aliletwa kwa machela, ikasemwa ni uchovu wa kufunga na kusali.

Daktari Sungwa akahutubia. "Ndugu wananchi! Mama ni mama! Na kama mama asingekuwa mama, angekuwa nani? Wapinzani wanauliza serikali imefanya nini kwa ajili ya mama. Nawajibu: kabla ya serikali hii, ni nani kati yenu alikuwa na mama Balozi?" Watu hawakuelewa, kwa hiyo walishangilia sana.

Ndipo Tabasamu akapanda jukwaani kwa gauni jeupe. Akapiga magoti mbele ya Bi Leokadia, akaletewa beseni la fedha, akaanza kumwosha miguu kwa sabuni ya mdhamini, huku akiimba "Tumbo Lako Ikulu Yangu". Kitambaa chekundu kikapepea. Bi Sikujua, khanga kifuani, akapiga vigelegele pamoja na wenzake. Alikuja kwa hilo. Alijiambia hakuna ubaya. Mtoto amejifunza kupiga magoti, si haba, na miguu ni miguu tu.

Kisha Bi Leokadia akapewa kipaza sauti.

"Mwanangu," alianza, chozi la jicho la kulia likaondoka kwa zamu yake. "Uchungu ulinishika mvua inanyesha. Nikapakiwa juu ya lori la kokoto. Lori likanasa kwenye matope, kabla ya daraja..."

Mkunga na mawaridi yake walikuwa wametupwa. Wizara ilikuwa imepata kitu kizuri zaidi. Bi Leokadia alisimulia mvua, akasimulia dereva, akasimulia shati lililopitishwa kwa nyuma, na alipofika pale mama anapocheka peke yake kwenye mvua, alicheka kweli, akacheka vizuri kuliko Bi Sikujua alivyocheka siku ile. Uwanja mzima ulilia. Mtukufu Rais akaamka akauliza nani amekufa.

Bi Sikujua alikuwa ameachia kila kitu. Nishani aliiachia. Jina aliliachia, na hata kuitwa bibi alikumeza. Lakini mvua ile ilikuwa yake. Alijikuta amesimama, na sauti iliyomtoka hakuijua.

"Mwongo wewe! Uchungu ule ni wangu! Kwenye lori nilikuwa mimi! Tabu, mwambie! Tabu!"

Kina mama wa kawaida, wakidhani ni ishara mpya, wakapiga vigelegele. Tabasamu akageuza shingo palepale alipopiga magoti. Macho yao yakakutana, juu ya vichwa vya watu wote wale. Bi Sikujua alinyoosha mikono. Tabasamu akainua kidevu kidogo sana, upande wa askari, kama mtu anayefukuza nzi bila kutaka wageni waone, kisha akarudi kwenye miguu ya Bi Leokadia akaendelea kuikausha kidole kwa kidole.

Askari wakamwinua Bi Sikujua, wakaondoka naye miguu ikining'inia.

*

Alishtakiwa kwa kujifanya mzazi wa nyota, kinyume cha Sheria ya Ulinzi wa Hisia za Umma. Sheria hiyo haikuwa kali. Mshtakiwa akikana mbele ya hakimu kuwa yeye ni mzazi, anaachiwa siku hiyohiyo. Akishikilia, anakaa rumande mpaka umama umtoke.

"Nimkane mwanangu?" alisema Bi Sikujua. "Nitafia humu."

Nje, mastaa walikuwa wamekasirika. Balozi wa Malezi ya Baba alisema siku hizi watu wanazaa ovyo halafu wanatafuta watoto wa kuwasingizia. Balozi wa Ndoa Tulivu alisema jambo lililomuumiza zaidi ni kuona mwanamke akipaza sauti hadharani.

Havijawa alikuja na uji. "Kana tu, shoga yangu, utoke. Mbona yeye amekukana na anakula vizuri?"

"Yule mtoto. Hajui anachofanya."

"Mtoto gani mwenye kidevu cha kununua?"

"Nimesema mtoto, Havijawa!" Askari walinzi waligeuka. Bi Sikujua akashusha sauti. "Aliogopa. Ulimwona mwenyewe, ameshikwa na watu wale. Akitulia atakuja."

Havijawa akaondoka, sufuria mkononi.

Mahabusu walikuwa na chumba chenye runinga, maana ilikuwa haki ya kila mwananchi kuwatazama mastaa. Mchana mmoja Tabasamu akatokea humo, amevaa mavazi ya rangi ya majivu, anahojiwa. Bi Sikujua akasogea mbele mpaka magoti yakagusa ukuta. Mtangazaji aliuliza kuhusu yule mwendawazimu wa uwanjani.

Tabasamu akainamisha kichwa. Akakaa hivyo. Bi Sikujua akasema moyoni: sasa. Sasa atasema.

"Nimemsamehe," alisema Tabasamu. "Na tena, naomba mmchukulie kwa huruma. Nilimwangalia miguuni, nikaona ndala zimekatika. Nikasema, jamani, huyu si mama wa mtu? Hana watoto huyu? Ni watoto wa namna gani wanaomwacha mama yao atangetange hivyo, hana kiatu, hana akili, hana wa kumshika mkono? Mimi siwezi. Ningekuwa na mama kama yule ningembeba mgongoni. Hao watoto wake, popote walipo, walaaniwe."

Mtangazaji akaangua kilio. Askari wa kike aliyekuwa mlangoni akajifuta macho kwa kofia. "Maneno mazito," alisema.

Bi Sikujua hakulia. Alikuwa anaitazama ile midomo. Alitafuta pale usoni aibu kidogo, woga kidogo, jicho linalokwepa, chochote ambacho mama angeweza kukishika akasema bado yumo. Alimjua mtoto wake alipokuwa akidanganya, alikuwa hatulii. Huyu alikuwa ametulia. Hakuwa anadanganya. Alikuwa anaamini kila neno.

Alikuwa kama mtu aliyeng'ata andazi akaona nusu ya mende. Akainuka, akaiwahi ndoo ya kona, akatapika uji wote wa Havijawa.

"Unaumwa, bibi?" askari aliuliza.

Bi Sikujua akajifuta mdomo. "Mwambieni hakimu nitasema wanachotaka."

*

Mahakama ilijaa kamera. Hakimu alikuwa amebandika beji ya Tabasamu juu ya joho. Tabasamu mwenyewe alikuja, maana Wizara ilikuwa imepanga tendo la msamaha baada ya hukumu. Kizito alikaa nyuma yake, bazoka imetulia shavuni.

"Je, wewe ndiye uliyemzaa Balozi Tabasamu?" hakimu aliuliza.

"Hapana, mheshimiwa."

Minong'ono ya furaha ikapita. Kizito akaanza tena kutafuna.

"Basi kwa nini ulidai hivyo mbele ya Mtukufu Rais?"

"Nilimfananisha," alisema Bi Sikujua. Alisema taratibu, kama anayejieleza kwa mtu aliyemgonga njiani. "Mimi nilizaa mtoto juu ya lori, nikamwita Tabu. Alikuwa mtu. Huyu simjui."

Havijawa, aliyekuwa kwenye benchi la nyuma, akajiziba mdomo kwa ncha ya khanga.

Hakimu hakuona tatizo katika jibu hilo, akamwachia huru, akaipongeza mahakama. Taa zikawashwa. Tabasamu akaingia kwenye mwanga, akatandaza mikono.

"Njoo, mama. Nimekusamehe. Njoo nikukumbatie."

Bi Sikujua akashuka kizimbani. Alimwendea moja kwa moja. Alipofika karibu kiasi cha kusikia manukato, Tabasamu akanong'ona bila kutikisa midomo: "Nishike, mama. Upesi. Tafadhali."

Bi Sikujua akamtazama, kuanzia pua mpaka viatu. Mate yakamjaa mdomoni. Akageuza kichwa akayatema sakafuni, si kwa ugomvi, bali kama mtu anavyotema kitu kilichochacha. Kisha akapita ubavuni pake, Havijawa akamfuata nyuma, wakatoka wote wawili juani.

Tabasamu alibaki palepale, mikono imetandazwa, machozi tayari mashavuni. Mpigapicha akakohoa.

"Balozi, samahani. Hiyo hatujaipata."

Tabasamu hakushusha mikono.

"Leteni mwingine," alisema.